Kibali Kwanza, Godoro Baadaye

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia kuhusu kulea watoto wa wenzetu nyumbani, Soko la Burma, Nairobi

Asanteni kwa kufunga vibanda saa moja mapema ili tuongee. Tunajua saa moja ya soko ni pesa, kwa hiyo hatutazunguka sana.

Hapa Burma, kando ya Barabara ya Jogoo, kazi huanza kabla ya jua kuchomoza. Nyama inafika alfajiri, na anayechelewa hukuta mteja wake amekwenda kwa jirani. Sasa mama mwenye mtoto wa miezi minane afanye nini? Akimbeba mgongoni, mtoto anashinda kati ya moshi, kisu na sufuria ya supu inayochemka. Akimfungia chumbani na dada yake wa miaka sita, roho haitulii mpaka jioni. Wengi humpeleka kwa mama mmoja pale ploti, analipwa shilingi 50 au 100 kwa siku, naye anawalea wote katika chumba chake. Ndiyo tunaita dei kea.

Kazi hiyo ni njema, tena ni ya lazima. Bila yule mama, nusu ya vibanda hivi visingefunguliwa. Lakini siku hizi vikundi vingi vinatuuliza: tukitaka kuifanya vizuri, kihalali, nyumbani kwetu, tuanzie wapi? Kabla ya kujibu, inatupasa tuungame kosa letu.

TULIVYOKOSEA

Miaka michache iliyopita kikundi cha akina mama saba kilitujia. Walikuwa wameweka akiba ya shilingi 31,000 kwa mwaka mzima. Walitaka kulea watoto wa wenzao katika vyumba viwili vya mwanachama mmoja. Tulifurahi sana. Tukawaambia: "Katateni kibali cha biashara, mnunue magodoro, mpake rangi. Hayo mengine yatafuata." Wakatutii. Walilipa kibali, wakanunua magodoro kumi na mawili, wakachora picha ya kuku na vifaranga ukutani.

Wiki ya tano ikaja barua ya mwenye nyumba. Mkataba wa kupanga ulisema vyumba ni vya kuishi tu. Jirani wa ukuta mmoja alikuwa mlinzi wa usiku, na mchana ndio usiku wake. Alikuwa amelalamika mara tatu, na kusema kweli alikuwa na haki. Kikundi kikauliza, "Si tuna kibali?" Wakajibiwa kwamba kibali cha biashara hakibadilishi nyumba ya kuishi kuwa kitu kingine. Magodoro yakauzwa nusu bei. Mwanachama mmoja alirudi kibandani na mtoto mgongoni, na tulipopita hapo hakutulaumu hata kidogo. Afadhali angetulaumu.

Hakuna aliyewaibia, wala hakuna afisa aliyewaonea. Sisi washauri wao ndio tuliowaonyesha mlango wa tatu kabla ya wa kwanza. Ndiyo sababu leo tunataka tuipange milango hii mitatu kwa utaratibu wake: kwanza nyumba, pili watoto, tatu biashara.

MLANGO WA KWANZA: NYUMBA

Kenya ina Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya 1996. Sheria hiyo inasema hakuna mtu wa kustawisha ardhi au jengo bila ruhusa ya kaunti. Wengi wetu tukisikia "kustawisha" tunafikiri ni kujenga tu. Hapana. Kugeuza matumizi ya nyumba kwa kiasi kikubwa nako kumo, hata kama hamkuongeza tofali moja. Nyumba ya kuishi ikiwa ghala, baa au kituo cha watoto ishirini, matumizi yamebadilika. Anayeanza bila ruhusa akipatikana na hatia anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, au kifungo cha hadi miezi miwili, au vyote viwili. Hatusemi haya kuwatisha. Tunasema ili mjue kwamba jambo hili si la mchezo.

Je, mama anayelea watoto watatu wa majirani naye lazima aombe? Jiulizeni hivi. Jioni watoto wakienda, chumba kinarudi kuwa nyumba ya mtu, au kimebaki kituo? Wazazi wanaoingia na kutoka ni wangapi? Kuna bango mlangoni? Jirani anaona tofauti kati ya jana na leo? Kadiri majibu yanavyoelekea kwenye "kituo", ndivyo mnavyohitaji ruhusa. Mkiwa na shaka, msikisie. Andikieni ofisi ya mipango ya kaunti barua fupi: tuko mahali fulani, watoto ni idadi hii, saa ni hizi, je, tunahitaji ruhusa? Toeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, mbaki nayo. Nakala hiyo ni ngao yenu.

Mkiambiwa mnahitaji, njia ni hii.

Kwanza, mwenye nyumba. Mpangaji hawezi kuomba kubadilisha matumizi ya nyumba isiyo yake. Pateni idhini ya maandishi, yenye sahihi. Neno la mdomo la mtunza ploti halitoshi. Kama nyumba ni ya kaunti, mwenye nyumba ni kaunti yenyewe, kwa hiyo anzeni ofisi ya nyumba. Tena ulizeni swali moja zaidi: je, mtaa huu uko katika mpango wa kubomolewa na kujengwa upya? Mitaa mingi ya zamani ya Eastlands imo katika mipango hiyo. Hakuna maana ya kutafuta ruhusa ya miezi kwa nyumba ambayo mwakani haitakuwapo.

Pili, karatasi za ardhi. Itatakiwa nakala ya hati ya kumiliki, matokeo ya upekuzi wa ardhi, na uthibitisho kwamba kodi ya ardhi imelipwa. Mwenye nyumba akisitasita kuonyesha karatasi hizi, simameni hapo hapo. Msitumie hata senti.

Tatu, mtaalamu wa mipango ya miji aliyeandikishwa kisheria. Yeye ndiye huandika taarifa inayoeleza nyumba ilivyo, mnachotaka kufanya, na jinsi kitakavyogusa majirani. Mwambieni wazi kwamba familia itaendelea kuishi humo. Kuna tofauti kati ya kubadilisha matumizi yote na kuongeza matumizi mengine juu ya yale ya kuishi, na ombi dogo halina haja ya kuvaa koti kubwa. Bei yake iandikwe kabla hajaanza.

Nne, tangazo. Ombi la kubadilisha matumizi hutangazwa magazetini na kwa bango mahali penyewe, ili mwenye pingamizi aseme. Hapa ndipo vikundi huogopa. Sisi tunasema, msingoje jirani asome gazetini. Mtembeleeni kabla. Mwelezeni saa za watoto kuja na kuondoka, watacheza wapi, taka na nepi zitaenda wapi. Kama yule mlinzi wa usiku angeulizwa mapema, pengine angeomba tu watoto walale chumba cha upande wa pili. Pingamizi nyingi ni malalamiko ambayo hayakusikilizwa siku ya kwanza.

Tano, ombi lenyewe. Siku hizi Nairobi maombi hutumwa kwa mtandao, na malipo hufanywa kwa njia rasmi za kaunti. Kila shilingi iwe na risiti. Maafisa wa idara nyingine, kama afya na barabara, nao hutoa maoni.

Baadaye jibu huja: ndiyo, ndiyo lakini kwa masharti, au hapana pamoja na sababu. Sheria inasema pia kwamba mwombaji asipopata jibu la maandishi kwa siku 60, ruhusa itahesabiwa kuwa imetolewa. Ndiyo maana tarehe ya kupokelewa ni muhimu hivyo. Hata hivyo tunawashauri msifungue mlango kimya kimya siku ya 61. Andikeni barua ya kukumbusha siku hizo zimekwisha, mtunze nakala.

Mkikataliwa, msilie na kwenda nyumbani. Mna siku 14 tangu uamuzi kukata rufaa kwenye Kamati ya Uhusiano ya Mipango ya Kaunti, nayo inatakiwa iamue ndani ya siku 14. Msiporidhika, kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku 14 ni chache. Kikundi kinachokutana mara moja kwa mwezi kitazipoteza. Itisheni mkutano wa dharura siku barua inapofika.

MLANGO WA PILI: WATOTO

Katiba ya 2010 iliweka malezi ya watoto wadogo vituoni mikononi mwa kaunti, pamoja na elimu ya chekechea. Mwaka 2017 Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria yake ya vituo vya kulelea watoto, inayotaka vituo viandikishwe na kupewa leseni. Na Sheria ya Watoto ya 2022 inatufunga sote: kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi yake yatangulie.

Hapa Bwana Afya atakuja, na ni vizuri aje. Ataangalia hewa na mwanga, maji safi, choo, mahali pa kupikia. Anayegusa chakula awe na cheti cha afya, ambacho hufanywa upya kila miezi sita. Sisi, kwa yale tuliyoyaona kwa miaka mingi mitaani, tunaongeza haya yetu.

Jiko lisiwe chumba wanamolala watoto. Makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Watoto hulala wasiamke. Mlango usifungwe kwa kufuli kutoka nje, hata dakika tano. Ndoo ya maji iwe na kifuniko kizito, kwani mtoto anayetambaa anaweza kuzama katika maji ya kimo cha kiganja. Awepo mtu mzima wa pili, maana yule wa kwanza ataenda msalani, ataugua, ataitwa mlangoni. Kuwe na daftari: jina la mtoto, simu ya mzazi, chanjo, ugonjwa, saa ya kuingia na kutoka, na nani anaruhusiwa kumchukua. Mtu mwingine akija, hata akiwa mjomba, mpigieni mama kwanza. Na kila anayeshinda na watoto awe na cheti cha tabia njema kutoka polisi.

Jambo moja la kuangalia. Msiandike "shule" kwenye bango ili kuvutia wazazi. Mkianza kufundisha watoto wa chekechea mmeingia katika sheria za elimu, zenye masharti yake. Kulea ni kazi inayojitosheleza. Iiteni kwa jina lake.

MLANGO WA TATU: BIASHARA

Sasa ndipo inakuja karatasi ambayo sisi tuliitanguliza kwa makosa. Tangu 2023 Nairobi imeunganisha leseni kadhaa, pamoja na ya zimamoto na ya afya, kuwa kibali kimoja cha biashara. Jambo hili limepunguza kuzunguka ofisi kwa ofisi. Lakini kumbukeni: kibali hicho kinasema mnaweza kufanya biashara. Hakisemi mnaweza kuifanya ndani ya nyumba ya kuishi ya mtu mwingine.

Na tafadhali, jihadharini na mtu wa katikati. Wazee bado wanasema "kanjo", ingawa Baraza la Jiji liliisha mwaka 2013 na serikali ya kaunti ikaingia. Kuna watu wanaosimama nje ya ofisi na kujitia wanajua njia ya mkato. Anataka pesa mkononi, hatoi risiti, na karatasi anayoleta inapendeza kuliko ya kweli. Siku mnayoionyesha ndiyo siku mnayojua haina namba katika kitabu cha mtu yeyote. Mwekahazina akalipe mwenyewe, pamoja na mwanachama mwingine mmoja, na risiti isomwe mkutanoni.

TUPIGE HESABU BILA KUJIDANGANYA

Tuchukue mfano. Watoto 10, shilingi 80 kwa siku, siku 24 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 19,200. Toeni uji na chakula 6,000, gesi 1,800, maji 1,000, sabuni na akiba ya dharura 1,400. Zimetoka 10,200. Zinabaki 9,000 kwa akina mama wawili, yaani 4,500 kila mmoja, na hatujalipa kodi ya nyumba. Sasa tuseme mtaalamu, matangazo na ada vinafika 40,000. Hizo ni pesa zote za zaidi ya miezi minne, akina mama hawajaonja hata kikombe cha chai.

Hapa ndipo tunaona ugumu wenyewe. Sheria imeandikwa kwa mtu mwenye ploti na hati, na watoto wengi wanaohitaji kulelewa wako kwa mama asiye na ploti wala hati. Tukiifuata bila akili, mama mwema atafunga na watoto watarudi chini ya meza ya nyama. Tukiidharau, iko siku moto utatokea katika chumba chenye mlango mmoja. Hatuwezi kukubali lolote kati ya hayo. Kwa hiyo tunapendekeza njia tatu.

Ya kwanza ni kubaki wadogo. Mama mmoja, watoto wachache wa majirani wanaojuana, familia ikiendelea kuishi humo, idhini ya mwenye nyumba ikiwa imeandikwa, na barua ile ya kuuliza kaunti ikiwa imepokelewa. Uandikishaji na masharti ya usalama hayaachwi hata kwa mtoto mmoja.

Ya pili ni kuacha nyumba za kuishi na kutafuta jengo ambalo tangu mwanzo lilikusudiwa matumizi ya watu wengi: ukumbi wa kijamii, ukumbi wa kanisa au wa msikiti, chumba cha shule kisichotumika. Mara nyingi kumbi hizi ziko wazi Jumapili na tupu Jumatatu hadi Ijumaa. Ulizeni ofisi ya mipango kama matumizi yaliyoruhusiwa yanatosha. Leseni ya kituo bado itatakiwa, lakini mlango wa kwanza huenda tayari uko nusu wazi, na gharama zinagawanywa.

Ya tatu ni kudai soko lenyewe liwe na chumba cha watoto. Kaunti inakusanya ushuru hapa kila siku. Malezi ya watoto ni kazi yake kwa mujibu wa Katiba, na masoko pia ni kazi yake. Wakati wa kutoa maoni ya bajeti unapofika, vikundi viende pamoja na karatasi moja: tuko wafanyabiashara wangapi, wenye watoto chini ya miaka minne wangapi, tunaomba chumba kimoja na choo kimoja cha watoto. Ombi lenye hesabu ni vigumu kulipuuza. Anzeni kuhesabu wiki hii.

NA NINYI WA VIJIJINI

Msiseme haya ni ya Nairobi. Ile sheria ya 2019 inahusu kaunti zote 47. Sheria ya malezi ya kaunti yenu inaweza kuwa tofauti au isiwepo, kwa hiyo ulizeni makao makuu ya kaunti. Mna faida moja: nyumba ni yenu na uwanja upo. Mna taabu moja: hati mara nyingi bado iko kwa jina la babu marehemu. Anzeni na hilo la urithi sasa, kabla hamjanunua hata kikombe.

TUNAMALIZIA

Yule mwanachama aliyerudi kibandani bado yuko hapa Burma. Mtoto wake sasa yuko shuleni. Mwaka uliopita alituita, akasema kikundi kimefufuka, wako watano, na wameandika barua mbili: moja kwa wenye ukumbi, moja kwa ofisi ya mipango. Akatuonyesha nakala zenye muhuri. Tukamuuliza kuhusu magodoro. Akacheka, akasema, "Hayo tutanunua siku ya mwisho." Kumbe mwanafunzi alikuwa amemshinda mwalimu.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mtaani au kijijini kwenu watoto wa akina mama wanaofanya kazi hushinda wapi? Wahesabuni.

2. Nyumba mnayoifikiria ni ya nani kwa karatasi? Nani atakwenda kuzungumza naye, na lini?

3. Ni jirani yupi angeweza kusumbuliwa na kituo? Mtamwambia nini kabla hajalalamika?

4. Pigeni hesabu yenu kama ile ya juu. Je, kila anayefanya kazi anabaki na kitu?

5. Kuna ukumbi gani karibu nanyi unaokaa tupu siku za kazi?